Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu na afya: somo la balehe litangulie balehe

Waheshimiwa mawaziri wa elimu na wa afya, wakuza mitaala, wakaguzi wa shule na wakuu wa vyuo vya ualimu,

Kwa heshima na taadhima, ninawaandikia kuhusu umri ambao mtoto huanza kufundishwa habari za mwili wake. Mimi ni muuguzi wa afya ya shule, na kazi yangu ya kila siku ni kukaa na watoto wanaopitia mabadiliko ambayo hawakuwahi kuelezwa kwamba yanakuja. Hoja yangu ni moja: somo la kukua na kubalehe linamfikia mtoto akiwa amekwisha kuchelewa. Mara nyingi linasubiri madarasa ya juu ya shule ya msingi, au hata sekondari, wakati ambapo wanafunzi wengi walioketi mbele ya mwalimu wameshayapitia yale wanayoambiwa kwamba yatawapata. Mtoto anayefundishwa habari za hedhi miaka miwili baada ya kuvunja ungo anakuwa amekwisha kujitafutia maelezo kwingine, na hayo aliyoyapata kwingine, yawe ya kweli au ya uongo, ndiyo yanayokaa kichwani.

Niruhusuni nianze na mwili wenyewe, kwa kuwa ndio unaopanga tarehe. Kwa wasichana dalili ya kwanza ya balehe, yaani uvimbe mdogo unaojitokeza chini ya chuchu, huonekana wakati wowote kati ya miaka 8 na 13. Kwa wavulana dalili ya kwanza ni kukua kwa korodani, jambo ambalo hakuna anayeliona ila mwenyewe, nalo huanza kati ya miaka 9 na 14. Yote mawili ni matokeo ya kazi iliyoanza ndani zaidi: sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huanza kutoa homoni kwa vipindi vifupivifupi, kwanza usiku mtoto akiwa usingizini, homoni hiyo huiamsha tezi ya pituitari, na pituitari nayo huzichochea ovari kutoa estrojeni au korodani kutoa testosteroni. Kabla hata ya hapo, kuanzia miaka 6 hadi 8 hivi, tezi za adrenali zilizo juu ya figo huwa zimeanza kutoa homoni zake, na hizo ndizo zinazoleta harufu ya kwapa, mafuta kwenye ngozi na, baadaye, mchango wake katika vinyweleo vya kwanza vya sehemu za siri. Mtoto wa darasa la tatu anayechekwa na wenzake kwa harufu ya jasho huenda anaoga vizuri kuliko wote wanaomcheka. Kilichobadilika ni tezi zake, na hakuna mtu mzima aliyemweleza.

Mwaka 1969 na mwaka 1970 madaktari wa Uingereza William Marshall na James Tanner walichapisha matokeo ya kufuatilia ukuaji wa wasichana 192 na wavulana 228, wakaigawa balehe katika hatua tano ambazo madaktari wanazitumia hadi leo. Kwa anayepanga mtaala, lenye uzito zaidi katika kazi yao ni upana wa tofauti waliouona, kwa sababu watoto wenye afya njema na wa umri uleule wanaweza kupishana kwa miaka kadhaa. Katika darasa moja la watoto wa miaka 12 au 13 anaweza kuwapo aliyekaribia kumaliza balehe na mwenzake ambaye haijamwanza, na wote wawili wakawa wazima kabisa. Ukiliweka somo kwenye umri wa wastani, basi kwa hesabu nyepesi tu umekwisha kuwakosa waliotangulia, na hao waliotangulia ndio wanaohitaji somo kuliko wote, maana wao hawana hata rafiki wa kumuuliza.

Kuna jambo jingine ambalo ratiba zetu hazijalizingatia. Katika karne ya 19 wasichana wa Ulaya walivunja ungo wakiwa na takriban miaka 16 au 17, lakini kufikia katikati ya karne ya 20 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi karibu miaka 13, hasa kwa sababu ya lishe bora na kupungua kwa maradhi ya utotoni. Mtu mzima anayesema kwamba mtoto wa miaka 9 bado ni mdogo mno kwa habari hizi huwa anasema kwa nia njema, lakini kipimo chake ni cha miili ya zamani.

Kwa wasichana, mwili wenyewe hutoa taarifa. Hedhi ya kwanza huja kwa kawaida miaka miwili hadi miwili na nusu baada ya matiti kuanza kuota. Muda huo unatosha kabisa kumwandaa mtoto kwa utulivu: kumweleza damu inatoka wapi na kwa nini, kumwonyesha taulo ya kike inavyowekwa na inavyotupwa au kufuliwa, na kumwambia ni nani shuleni wa kumwendea. Badala yake ninawaona watoto waliofunga sweta kiunoni mchana wa joto, wakiwa wameng'ang'ania kwenye dawati mpaka darasa lote litoke, kwa sababu wameona damu na wameamini kwamba wamejeruhiwa ndani, au kwamba wamefanya kosa fulani wasilolikumbuka. Mmoja wao aliniuliza, kwa sauti ya chini sana, kama atakufa kabla ya jioni. Sidhani kama kuna somo lolote jingine ambalo tunakubali mtoto alijue kwa njia ya namna hiyo.

Yanayopaswa kujulikana kuhusu hedhi si mengi wala si magumu, na mtoto wa miaka 9 anayaelewa. Katika miaka ya mwanzo mzunguko unaweza kuwa wa siku 21 hadi 45, na ukapishana mwezi hadi mwezi, kwa kuwa mara nyingi ovari bado hazijazoea kutoa yai kila mzunguko. Damu hutoka siku 2 hadi 7. Kiasi chake kwa kawaida ni kama mililita 30 hadi 40 kwa mzunguko mzima, ingawa kwa anayeiona kwenye nguo huonekana nyingi zaidi. Baada ya kuyajua haya msichana anaweza pia kuyatambua yasiyo ya kawaida: damu inayolowesha taulo nzima kila saa au mbili, hedhi inayozidi wiki, maumivu yanayomlaza kitandani na kumkosesha masomo kila mwezi. Maumivu ya namna hiyo huambiwa ndiyo hali ya mwanamke, ilhali yanaweza kuwa endometriosisi, yaani tishu inayofanana na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje ya mfuko huo, ugonjwa unaowapata takriban asilimia 10 ya wanawake wa umri wa kuzaa na ambao kwa wengi hugunduliwa baada ya miaka mingi ya kuteseka. Yupo pia msichana anayeumwa tumbo la chini kila mwezi bila kuona damu, kwa sababu kizinda chake, yaani utando mwembamba wa kwenye mlango wa uke, kimeziba na damu inajikusanya nyuma yake. Upasuaji mdogo humaliza tatizo hilo, lakini ni lazima kwanza awe na maneno ya kueleza kinachompata. Na liko jambo moja ambalo hata walimu wengi hawalijui: yai linaweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza, kwa hiyo inawezekana msichana akapata mimba bila kuwahi kuona damu hata siku moja.

Sasa naomba nikae zaidi kwa wavulana, maana wao wamesahauliwa hata na sisi tunaojiita watetezi wa elimu hii. Mwaliko wa mazungumzo ya balehe unapotolewa shuleni, kwa kawaida wasichana huitwa chumbani na wavulana hupelekwa uwanjani kucheza. Hakuna anayewaambia kwamba siku moja wataamka na kukuta nguo imelowa manii, kwamba hizo ni ndoto nyevu, kwamba si ugonjwa wala hazihitaji toba wala dawa. Hakuna anayewaambia kwamba sauti itakwaruza kwa miezi kadhaa kwa sababu zoloto linakua na nyuzi za sauti zinarefuka, wala kwamba mikono na miguu hurefuka kabla ya kiwiliwili, ndiyo maana mtu hujikwaa na kuangusha vitu bila kuwa mzembe. Takriban nusu ya wavulana hupata uvimbe chini ya chuchu katikati ya balehe, ukiuma kidogo ukiguswa, na kwa wengi hutoweka wenyewe kati ya miezi sita na miaka miwili. Mvulana asiyelijua hili huacha kuvua shati mbele ya wenzake, huacha michezo, na wengine huanza kutafuta dawa kwa siri. Dakika tano za mwalimu zingemwepusha na yote hayo.

Lakini lipo moja kubwa kuliko haya. Korodani inaweza kujisokota kwenye mshipa wake na kukatiwa damu. Hutokea zaidi kati ya miaka 12 na 18, mara nyingi usiku, kwa maumivu makali ya ghafla yanayoweza kumwamsha mtoto usingizini pamoja na kichefuchefu na kutapika. Akifika kwenye upasuaji ndani ya saa sita hivi, kwa kawaida korodani huokolewa. Siku ikipita, ni nadra sana kuokolewa. Sasa fikirini mvulana wa miaka 13 ambaye hajawahi kulitamka neno korodani mbele ya mtu mzima. Anamwambia mama yake kwamba tumbo linauma. Anapewa dawa ya maumivu, anaambiwa alale. Asubuhi anachechemea kwenda shuleni, anakaa upande mmoja wa kiti, na saa nne ndipo analetwa kwangu akiwa amekunja mwili, bado anashika tumbo. Ninapomuuliza kwa upole panapouma hasa, anatazama sakafu. Saa zile zote zimepotea kwa aibu, na aibu hiyo tumeijenga sisi watu wazima kwa kunyamaza.

Ndiyo maana ninasisitiza kwamba watoto wafundishwe mapema majina ya viungo vyao vyote, kama wanavyofundishwa goti na kiwiko. Mtoto anayeweza kusema uke, uume, korodani na mkundu bila kunong'ona anaweza kumweleza daktari mahali panapouma, na anaweza kumweleza mzazi au mwalimu ni nani aliyemgusa, wapi, na lini. Watu wanaowadhuru watoto hutegemea mtoto asiwe na maneno, na wakitegemea hilo huwa wanategemea kazi yetu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaka serikali iliyouridhia imlinde mtoto dhidi ya udhalilishaji wa kingono, na unamtambulia pia haki ya kupata taarifa zinazohusu ustawi na afya yake. Mambo hayo mawili hayatengani.

Ninaijua hofu ya wazazi, na ninaiheshimu, kwa kuwa inatoka kwenye mapenzi. Wanahofu kwamba ukimfundisha mtoto umemwonyesha njia. Hofu hiyo imekwisha kuchunguzwa. UNESCO ilitoa mwongozo wa kimataifa kuhusu elimu ya jinsia mwaka 2009, ukafanyiwa marekebisho mwaka 2018 kwa ushirikiano na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, na tafiti zilizopitiwa kwa ajili ya mwongozo huo zilionyesha kwamba elimu hii haiongezi vitendo vya ngono, haiongezi tabia hatarishi, wala haiongezi maambukizi. Pale ilipoleta mabadiliko, vijana walichelewa kuanza, walipunguza idadi ya wenzi, na walioanza walitumia kinga zaidi. Mwongozo huo unapanga mafunzo kuanzia miaka 5 hadi 8, kisha 9 hadi 12, kisha 12 hadi 15, kisha 15 na kuendelea, na kila kundi linapewa kinacholingana na akili yake. Hakuna anayependekeza kwamba mtoto wa miaka 6 afundishwe mambo ya watu wazima. Anachofundishwa ni majina ya mwili, tofauti ya mguso mzuri na mbaya, na kwamba hakuna siri ya mwili anayolazimishwa kuitunza na mtu mzima.

Niseme pia yale ambayo wazazi wenyewe wananiambia tukikaa faraghani. Wengi hawapingi, hawajui waanzie wapi, kwa sababu wao nao hawakuambiwa. Baba mmoja alinieleza kwamba alikuwa akisubiri mtoto wake aulize, na mtoto naye, nilipozungumza naye, alikuwa akisubiri baba aseme. Katika ukimya huo simu ndiyo iliyochukua nafasi. Kijana anaandika swali lake kwenye intaneti, na kati ya majibu anayoyapata yako yanayomwonyesha picha za ngono zilizotengenezwa ili ziuzwe, zenye miili isiyofanana na ya watu wa kawaida na matendo yasiyo na ridhaa wala upendo. Anayesema kwamba tusubiri watoto wakue kwanza anapaswa kuzingatia kwamba simu haisubiri.

Tatizo jingine liko darasani, nalo ni lenu moja kwa moja waheshimiwa wakuu wa vyuo. Nimekaa nyuma ya darasa mwalimu akifundisha uzazi wa mimea kwa ufasaha wa kupendeza: amechora ua ubaoni, ametaja stameni na pistili, ameeleza chavua inavyosafiri hadi kwenye ovari ya ua, na watoto wamenakili kwa furaha. Sura iliyofuata ilikuwa ya uzazi wa binadamu. Alifunga kitabu, akasema hiyo mtajisomea wenyewe nyumbani, na kengele ilikuwa bado haijalia. Simlaumu hata kidogo. Hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kusimama mbele ya watoto hamsini na kulitamka neno uke bila darasa kulipuka kwa kicheko, wala namna ya kukipokea kicheko hicho na kuendelea. Ni ujuzi unaofundishika kama ujuzi mwingine wowote wa ualimu. Mwalimu akilitamka neno kwa sauti ileile anayotamkia figo au mapafu, kicheko hudumu kidogo tu, kisha mikono huanza kunyooshwa, na maswali yanayotoka yanashangaza kwa uzito wake.

Na walimu watakaofundishwa wafundishwe lililo kweli. Bado yapo yanayorithishwa kama elimu ilhali ni imani potofu, na baya kuliko yote ni lile la kwamba kizinda kinathibitisha ubikira. Vizinda hutofautiana sana kwa umbo tangu kuzaliwa, vingine vina nafasi kubwa kiasili, vingine hunyumbuka bila kuchanika, na hakuna daktari anayeweza kumtazama msichana akajua kama amewahi kujamiiana. Mwezi Oktoba mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka ukaguzi wa ubikira ukomeshwe, kwa kuwa hauna msingi wa kitaalamu na unawaumiza wasichana. Shule inayokagua wanafunzi wake kwa njia hiyo inawadhalilisha kwa jina la maadili, na mkaguzi wa shule akiukuta ukaguzi huo anapaswa kuusimamisha siku hiyohiyo.

Wanafunzi wenye ulemavu hawamo kabisa katika mengi ya yanayoandikwa. Mtoto asiyeona, asiyesikia au mwenye ulemavu wa akili hubalehe kama wenzake, hupata hedhi na ndoto nyevu kama wenzake, huvutiwa na wengine kama wenzake, na yuko katika hatari kubwa zaidi ya kudhulumiwa kingono kuliko mtoto asiye na ulemavu. Hata hivyo somo likifika, yeye ndiye anayetolewa nje kwa dhana kwamba halimhusu. Mtoto asiyeona anahitaji mfano wa kushika kwa mikono. Asiyesikia anahitaji mwalimu anayejua alama sahihi za viungo vya mwili, badala ya kuashiria kwa aibu. Mwenye ulemavu wa akili anahitaji sentensi fupi, picha, na marudio mengi, na kwa hiyo anahitaji kuanza mapema kuliko wengine wote.

Wapo pia watoto wanaozaliwa na viungo vya uzazi visivyo na umbo lililozoeleka. Ukuaji wa jinsia huanza mimbani: hadi wiki ya sita hivi tezi za uzazi za viinitete vyote hufanana, na hatua zinazofuata ni nyingi, mojawapo ikiongozwa na jeni ya kromosomu Y iitwayo SRY iliyotambuliwa mwaka 1990. Katika hatua nyingi namna hiyo, miili haifuati njia moja. Watoto hawa ni wachache lakini wamo madarasani, na mwalimu anapaswa kujua kwamba wapo kabla hajafungua mdomo.

Ninarudi kwenye umri, kwa sababu balehe haiishii kwenye viungo vya uzazi. Hisia za mvuto huamka wakati ambapo sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia pupa, bado ina safari ya kukomaa hadi miaka ya katikati ya ishirini. Pengo hilo ndilo linalofanya kijana mwenye akili nzuri akubali jambo ambalo baada ya siku mbili halielewi. Hawezi kulishinda kwa kukemewa, ila anaweza kusaidiwa kwa kuzungumza mapema, kabla ya tukio, juu ya ridhaa: kwamba kusita si kukubali, kwamba kukubali jana si kukubali leo, kwamba kuvutiwa na mtu hakumdai mtu huyo chochote. Nitaje pembeni kwamba balehe husogeza mbele hata saa ya usingizi, kwa hadi saa mbili hivi, kwa kuwa homoni ya melatonini huchelewa kupanda usiku. Wanaopanga saa za kuingia shuleni na kuwaadhibu wanaosinzia kipindi cha kwanza wangefaa kulijua hilo pia.

Watu wazima nao wangefaidika. Mwalimu wa kike anayeshikwa na joto la ghafla mwilini akiwa ubaoni huenda yuko katika kipindi cha kukoma hedhi, ambacho kwa kawaida hukamilika kati ya miaka 45 na 55, na mara nyingi hana mtu wa kumweleza zaidi ya alivyokuwa naye alipovunja ungo.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo, na ninaomba yatekelezwe pamoja. Somo la kwanza la mabadiliko ya mwili liwekwe katika darasa ambalo watoto wengi bado hawajafika miaka 9, na lirudiwe kila mwaka likipanuka, badala ya kutolewa mara moja kama chanjo. Wavulana na wasichana wafundishwe yote, ya kwao na ya wenzao, katika chumba kimoja, kisha wapewe saa ya kuuliza maswali wakiwa wametengana, na liwepo sanduku la maswali yasiyo na majina kwa wale ambao hata hapo hawatathubutu. Wazazi waitwe kabla ya somo, waonyeshwe kitakachofundishwa neno kwa neno, kwa kuwa kwa uzoefu wangu anayepinga zaidi ni yule ambaye hajaonyeshwa. Vyuo vya ualimu viingize mafunzo haya kwenye mtihani wa vitendo, mwalimu mwanafunzi asimamiwe akilifundisha somo la uzazi wa binadamu kama anavyosimamiwa akifundisha hesabu. Vyoo vya shule viwe na maji, mlango unaofungwa kwa ndani na chombo cha kutupia taulo, maana kumfundisha msichana usafi wa hedhi kisha kumpeleka kwenye choo kisicho na mlango ni kumkejeli.

Na kila shule ipewe orodha fupi, ibandikwe ofisini, ya dalili ambazo mwalimu akiziona au akiambiwa hana ruhusa ya kusubiri: maumivu ya ghafla ya korodani au ya tumbo la chini kwa mvulana, ambayo ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, damu ya hedhi isiyozuilika, msichana aliyeanza kuota matiti kabla ya miaka 8 au mvulana aliyeanza kubalehe kabla ya miaka 9, msichana ambaye amefika miaka 13 bila dalili yoyote, au 15 bila hedhi, mvulana aliyefika miaka 14 bila dalili. Wengi wa hawa wanaochelewa huwa wazima, wanafuata tu mkondo wa wazazi wao, lakini ni daktari wa kuwaambia hivyo.

Mapitio ya mtaala yanapofanyika huwa mnatoa nafasi kwa wananchi kuchangia, na mchango wangu ndio huu. Ninaomba jibu la maandishi lenye mambo mawili tu: ni darasa lipi ambalo somo hili litaanzia, na ni kuanzia muhula upi.

Wenu katika kazi,

Muuguzi wa afya ya shule